Mumunye la Zizini

9 Machi

Kwako mdogo wangu Karani,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitako, si umeinama kichakani. Sisi huku tupo. Mashine kubwa ya kufulia ilikata mkanda, fundi akaja mara tatu bila mkanda, mara ya nne akaja na udhuru. Shemeji yako mgongo bado unamsumbua lakini kazini anakwenda. Mama Vifungo, yule mshonaji wangu, anakusalimu. Anasema ukija mjini atakufulia mwenyewe, ila kwanza utoe mbegu mifukoni.

Sasa nije kwenye lililonikalisha mezani. Mama aliondoka kwangu Januari. Aliniambia, "Nakwenda kumwona mdogo wako, siku tatu tu nitarudi." Hizi siku tatu zake zimeingia mwezi wa tatu. Chumba chake nimekipaka rangi upya. Kitanda nimekiinua kwa matofali ili asihangaike kunyanyuka. Kila jioni nafungua dirisha, nafunga dirisha, na aliyemo ndani ni mbu peke yake.

Simu umeuza, kwa hiyo siwezi hata kumsikia anakohoa. Ninachokijua ni kile anachonieleza dereva wa lori la maziwa, ambaye sasa ndiye posta yetu. Anasema alikukuta barabarani na kapu la magugu, akadhani unafuga sungura. Ukamwambia ni chakula chenu cha mchana, na kwamba umerudi kwenye maisha ya asili.

Karani, mimi na wewe tulikula mboga za porini kabla hujajua kusoma. Mnavu, mchunga, mlenda, mgagani. Mama alikuwa anatutangulia kichakani, anakata jani, anaonja, ndipo sisi tunachuma. Hatukuwa tunarudi kwenye asili. Hatukuwa na kingine. Nilipoazima ile pasi ya mkaa nikaanza kunyoosha nguo za watu nyumba kwa nyumba, nilijiapiza kwamba nikipata sufuria yangu mwenyewe halitaingia humo jani ambalo sikulinunua. Mpaka leo halijaingia. Wewe ndiye uliyesomeshwa, mimi nikabaki na pasi. Silalamiki, nasema ili ikumbukwe. Leo nafua shuka za hoteli mbili na za hospitali, na hakuna aliyenibeba mgongoni. Kitu unachokiita maisha ya asili, kwetu kilikuwa na jina fupi zaidi, na unalijua.

Mrudishe Mama. Lori hupita Jumanne na Ijumaa, na dereva atamweka mbele.

Halafu jambo moja. Chumvi asitie mwenyewe. Mtilieni. Usiniulize kwa nini.

Ni mimi dada yako,
Pasi


2 Aprili

Dada Pasi,

Barua yako ilikaa siku nyingi ndani ya lori maana lilivunjika ekseli. Ilifika imelowa maziwa yaliyoganda. Nilianza na harufu nikamalizia na maneno, na sikuona tofauti kubwa.

Hatujambo. Paa la jikoni tumeliziba. Wifi yako amepungua kidogo lakini yu mzima, anakushukuru kwa kanga ulizompa mwaka jana. Mama ni mzima kuliko alivyokuwa kwako. Asubuhi ananiamsha yeye. Anatembea mpaka ng'ambo ya kijito bila fimbo, anarudi na kapu limejaa, na njiani ananipa somo kama vile nimeanza darasa la kwanza. Usichume kando ya barabara, moshi umeshakula kabla yako. Usichume jani ambalo hata mdudu hajaligusa, maana mdudu si mjinga. Usimalize kichaka, hata kesho kina watu wake.

Huko mjini mnakula kitu kilichosafiri kuliko ninyi wenyewe. Mimi nakula kilichoota nikiwa nimelala. Kazi niliacha, Dada. Niliona misumari na mabati ya watu niliyoyahesabu yametosha. Sitaki kubishana juu ya hilo.

Ningependa umwone Mama akionja. Umesahau. Anakata kipande cha jani, anakisugua kwenye kidole, anakiweka kwenye ncha ya ulimi, anafumba macho. Kisha anasema, "Huu unapita," au, "Huu unakaa." Nimemwuliza tofauti. Ananiambia uchungu wa mchunga huja kama mgeni mwenye adabu, anaketi kidogo, anaaga. Ule mwingine huja, huketi, huomba na godoro. Mnavu ni huo huo, kuna wa kula na kuna wa kuacha, na kwa macho mimi sijaweza kuutenganisha. Ulimi wa Mama ndio mlango wetu. Kisichopita hapo hakiingii ndani.

Siku hizi ameongeza na jingine. Kila mboga mpya, na kila kichaka kipya, anapika kidogo jioni, anakula peke yake kwenye kibakuli chake cha bati. Sufuria inafunikwa. Sisi tunakula kesho yake mchana. Nilimwambia Mama tule wote. Akasema ndivyo mama yake alivyofanya. Mimi sikumbuki kuona hivyo utotoni. Labda ni uzee, na uzee una adabu zake.

Chumvi anatia wifi yako. Kwa hiyo ridhika.

Mama anasema usifunge madirisha ya chumba, rangi itanuka.

Mdogo wako


20 Aprili

Karani,

Salamu kwa wote. Shemeji yako amepata dawa ya kuchua, nyumba nzima inanuka karafuu. Mkanda umepatikana. Mama Vifungo kaniuliza mbona siku hizi sigombi na mtu. Nikamwambia nina kazi nyingi. Kweli nina kazi nyingi, lakini hata ningekuwa sina, sioni kama ningegomba. Naamka, nahesabu shuka zilizoingia, nahesabu zilizotoka, zikilingana nalala.

Sasa tuhesabu wote wawili. Kila Ijumaa kiwanda chenu kilikuwa kinaniletea furushi la sare. Ovaroli mia na arobaini, na koti moja la karani wa stoo lenye wino kwenye mfuko wa kushoto. Novemba zilikuja tisini. Desemba zikaja arobaini, pamoja na koti. Januari halikuja furushi. Nilikwenda mwenyewe kuuliza, nikakuta lango limefungwa kwa mnyororo na mlinzi anachoma karatasi ndani ya pipa.

Unasema uliacha kazi. Sawa. Mtu huacha kazi ikiwa ipo.

Sikuulizi zaidi ya hapo, na sitakuandikia tena juu yake. Lakini usiniambie habari za asili. Mtu akichagua kula majani, mkewe hapungui.

Nimempa dereva gunia la maharage, mfuko wa unga na galoni ya mafuta. Si sadaka, usianze. Mama yumo humo nyumbani na mimi ni mtoto wake kama wewe.

Na huo mtindo wa Mama kuonja, uukomeshe. Hata kama amefanya hivyo tangu tuzaliwe, hata kama hajakosea hata siku moja. Chumeni mnachokijua wewe na mkeo kwa macho yenu na kwa ndimi zenu. Usitegemee ulimi wa Mama. Nimeshasema kuliko ninavyoruhusiwa kusema.

Mlete, Karani. Chumba kipo.

Pasi


11 Mei

Dada,

Tumeamka salama. Mvua imekatika, asubuhi kuna baridi ya kuuma masikio. Gunia lilifika. Liko pembeni ya mlango, halijafunguliwa. Wifi yako akipita analitazama, akirudi analitazama. Mimi silitazami.

Juu ya kiwanda umeandika ulichoandika. 

Lakini juu ya Mama umenikera. Nilimsomea barua yako, ile sehemu ya ulimi. Nilitaka acheke. Hakucheka. Alikunja mikono kwenye mapaja, akasema, "Dada yako ana maneno." Akachukua kapu akaenda zake, akarudi jua limezama. Tangu siku hiyo hasemi mengi. Kama ulitaka kumvunja moyo umefaulu kwa mwandiko mzuri.

Wifi yako naye kaanza. Juzi alisema mlenda una ladha ya ajabu. Nikamwambia mbele ya Mama, "Mama akisema unapita, unapita. Wewe umekuja juzi." Akarudi kukoroga sufuria. Nyumba ikiwa na wasemaji wengi chungu hakiivi.

Nikupe habari njema basi. Kwenye zizi la zamani, ambako ng'ombe hajakanyaga tangu Baba afariki, limejiotea mumunye. Hakuna aliyepanda. Mtambaazi wake umepanda mpaka juu ya nguzo, na tunda limening'inia, la kijani, zito, kama kichwa cha mtoto mchanga. Mama analipitia kila siku analigonga kwa kidole. Anasema mwisho wa mwezi litakuwa tayari, na kwamba cha kujiotea ni zawadi, hakiulizwi kimetoka wapi. Litatulisha siku mbili tatu kama si zaidi.

Sasa nijibu kwa lugha nyepesi. Ulimi wa Mama una nini?

Mdogo wako


24 Mei

Karani,

Barua yako nimeipata leo, kaileta mtoto wa dereva. Sisi wazima.

Ulimi wa Mama umekufa.

Oktoba alipougua kwangu tulikwambia ni homa. Haikuwa homa. Ilikuwa kiharusi kidogo. Mdomo ulikwenda upande kwa siku nne, ukarudi, mkono ukarudi, maneno yakarudi. Tukamshukuru Mungu. Baada ya wiki nilimkuta mezani anajitengenezea chai. Aliweka vijiko viwili vya chumvi, akakoroga, akanywa mpaka chini. Akaniambia leo sukari imekolea. Nilidhani ananitania. Nikampa ndimu ailambe, akailamba kama mtu anayelamba bahasha.

Nilimpeleka hospitali, kule kule ninakofua shuka. Daktari akamwekea ulimini kitu kitamu, kitu kichungu, kitu kichachu, chumvi. Mama akajibu vyote kwa kubahatisha, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake naona vichupa. Alipata kimoja kati ya vinne. Daktari akasema huenda isirudi.

Nje, getini, alinishika mkono. Akasema, "Mdogo wako asijue. Niapie." Nikaapa. Sikuona ubaya. Kwangu anakula chakula nilichonunua mimi, ameonja hajaonja ni sawa. Sikujua kwamba atakuja kwako, na kwamba wewe utaifanya midomo ya watu watatu itegemee ulimi mmoja uliokufa. Nilipojua nikadhani nitamtoa huko kwa kukufokea wewe, kiapo kibaki mahali pake. Haikuwezekana.

Mumunye hilo msilile. Kumbuka mwenyewe utotoni, mumunye la kujiotea Mama alikuwa analionja kwanza, na moja aliwahi kulitema akalitupa juu ya paa. Kata kipande, onja wewe. Ukisikia uchungu, tema, fukia lote.

Dereva wa maziwa amefiwa, yuko msibani mpaka mwisho wa wiki. Nimekwenda stendi kutafuta mwingine anayepita njia yenu, sijapata. Nampa barua hii akirudi tu. Sijui nifanye nini kingine. Ungekuwa na simu ningekupigia sasa hivi, hata usingepokea ungeona nimepiga.

Pasi


7 Juni

Dada,

Mama yu hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo utakalolitafuta kwanza.

Barua yako ilifika tarehe mbili. Mumunye tulilikata tarehe ishirini na tisa.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa. Mama alilikata mwenyewe, akaweka kipande ulimini, akafumba macho. Akasema, "Unapita." Wifi yako akapika kidogo kwa ajili ya kibakuli cha Mama, sehemu iliyobaki ikakaa kwa ajili ya kesho. Jioni Mama akala peke yake kama kawaida yake, akafuta bakuli kwa kidole. Kabla ya kulala akaanza kutapika. Tulidhani ataacha. Hakuacha, na ikaja na kuhara, na damu. Alfajiri tulimweka kwenye toroli la kubebea kuni, tukamtandikia blanketi, tukamsukuma mpaka zahanati. Njia nzima aliniambia niangalie mashimo.

Daktari wa zahanati ni kijana. Akaniuliza, "Mmekula nini?" Nikamwambia mumunye la kujiotea. Akasema, "Lilikuwa chungu?" Nikasema halikuwa chungu, Mama ameonja. Wifi yako akasema, "Lilikuwa chungu."

Nikamgeukia. Akasema alilamba mwiko wakati wa kupika, na uchungu ulimpanda mpaka masikioni. Aliutemea jivuni. Nikamwuliza, "Kwa nini hukusema?" Akasema, "Mama alisema unapita."

Daktari akasema mumunye chungu ni sumu hata ukilichemsha siku nzima, na kwa mtu wa umri ule kibakuli kinatosha kumaliza kazi. Akamwekea chupa mbili za maji. Siku ya nne ndipo dereva akanikuta nimekaa benchi la nje akanipa barua yako. Niliisoma mara moja. Nikaikunja. Nilitegemea nitahisi kitu, nikakaa nikisubiri, kikawa hakiji. Nikaenda kununua sabuni.

Jioni nikamwuliza. Nikamwambia, "Mama, ulimi wako hausikii." Akasema, "Hausikii." Nikamwuliza, "Sasa ulikuwa unaonja nini miezi yote hii?" Akasema, "Majani ninayoyajua, nayajua kwa macho. Nisiyoyajua nilikuwa nakula kwanza. Tumbo halijafa. Kama ni baya lingeniambia usiku, na ninyi mngekuwa hamjala."

Nikamwambia angetuambia. Akanijibu, na nakuandikia alivyosema, sipunguzi: "Ningesema mngenirudisha kwenye chumba cha dada yako nikae nitazame rangi. Huku nilikuwa na kazi."

Kiwanda kilifungwa, Dada. Sikuacha. Walitupanga mstari wakatuita mmoja mmoja, wa mwisho kuitwa nikawa mimi kwa sababu nilikuwa na funguo za stoo. Simu niliuza ili tule. Halafu nikaona afadhali iwe nimeamua mwenyewe. Nilipoanza kusema hivyo ikawa rahisi kuendelea, na Mama akaniunga mkono, hakuniuliza hata mara moja.

Gunia tumelifungua.

Mumunye lililobaki nimelifukia pamoja na mtambaazi wake. Ijumaa ya tarehe kumi na mbili nitampandisha Mama kwenye lori. Amekubali. Hakusema amekubali, amefunga nguo zake. Mpokee.

Mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu,

Mama alifika salama, ila alishuka ananuka maziwa. Dereva anasema njia nzima alikuwa anamwonyesha vichaka dirishani na kumtajia majina, na sasa hawezi kuendesha bila kutazama pembeni, siku moja ataua mtu.

Tulipomaliza salamu alipita moja kwa moja mpaka chumba cha kazi, akapanda mwenyewe juu ya mzani wa nguo. Kilo thelathini na tisa. Mama Vifungo akamwambia, "Mama, wewe sasa ni sawasawa na furushi la hoteli ndogo." Mama akacheka. Akamjibu, "Basi nisilowekwe sana."

Nilichokitaka tangu Machi nimekipata. Kimelala kwenye kitanda cha matofali. Nilisimama mlangoni nikakitazama, nikangoja nifurahi, kisha nikaenda kuhesabu shuka. Zilipungua mbili. Nikahesabu tena, zikalingana.

Anakula kila anachopewa. Anakula kama anayemeza dawa, akimaliza anasema asante mwanangu, anageuza kiti. Umeniandikia alivyosema juu ya rangi ya chumba, na hukupunguza. Sikulaumu. Rangi yenyewe ni ya maziwa. Niliichagua kwa saa nzima dukani. Nimejaribu kukaa kwenye kile kiti chake nikaitazama, na kweli hakuna kitu humo.

Wiki iliyopita nilitoka kuanika nikamkuta ameinama nyuma ya tangi la maji ya mvua. Nikamwambia, "Mama, hapo pananuka dawa za kufulia." Akasema, "Maji yenu ya sabuni yanateremkia kule. Nimeyafuata siku tatu kwa macho. Huku hayafiki." Pale kwenye ufa wa sakafu ulikuwa umeota mnavu. Mimi napita hapo kila siku na ndoo, sijauona. Alikuwa ameshakata jani na anapeleka mkono mdomoni.

Nikamshika kifundo cha mkono. Tukakaa hivyo, yeye ananitazama, jani liko katikati. Mama Vifungo akachungulia dirishani akarudisha kichwa.

Nikamwambia, "Lete."

Akasema, "Wewe huli magugu."

Nikasema, "Lete, Mama."

Nililiweka ulimini. Sikufumba macho kama yeye, niliona aibu. Uchungu ukaja. Ulikuja na ile nyumba yetu yote, moshi wake na ile sufuria yenye mpini mmoja. Nilitaka kutema. Mama akauliza, "Unapita au unakaa?" Nikasema unapita. Akasema, "Usiwe na haraka kama mdogo wako. Ngoja." Nikangoja. Ndani mashine ikaita kwamba imemaliza, ikaita tena, nikaiacha. Nilisimama pale na mdomo mchungu nikimtazama anavyonitazama, tena kwa makini, kama mtu aliyeweka sikio mlangoni.

Nikamwambia, "Umepita."

Akachuma mwingine.

Tangu siku hiyo tunatoka asubuhi kabla wafanyakazi hawajaja. Yeye anatazama, mimi naonja, yeye anauliza, mimi najibu. Ananigombeza kwamba maneno yangu ni machache, kwangu kila kitu ni kichungu au si kichungu. Kile kibakuli cha bati nimemnyang'anya. Tunakula wakati mmoja, na naanza mimi.

Mwambie wifi barua hii ni yake pia. Siku nyingine kitu kikiwa kichungu aseme, hata kama aliyepika ni mimi. Akisema, wewe nyamaza.

Koti lako la stoo lilibaki hapa, lilikuja na furushi la mwisho la Desemba. Nimelifua mara nne. Wino wa mfuko wa kushoto haukutoka. Nampa dereva akuletee, maana ulisema huko asubuhi kuna baridi. Ndani ya mfuko huo nimeweka jani moja, Mama ameliona penye ukuta wa jirani na halijui. Mimi nimelionja, sina uhakika. Liangalieni huko, mtuambie.

Dada yako